Senti tatu za Lincoln zenye maandishi mawili mawili: ipi ni muhuri pacha wa kweli?

RolaZaSenti
Habarini wakuu. Niko Ohio, Marekani, huwa nachukua rola za senti (mafungu ya sarafu yaliyofungwa) benki na kuzipekua. Safari hii nimebakiza tatu: 1969-S, 1995 isiyo na herufi ya kiwanda (alama ya mahali ilipopigwa, kama hiyo S), na 2009 ile ya Lincoln amekaa juu ya gogo anasoma kitabu. Zote naona zimejirudia. Nina uwezo wa kutuma moja tu PCGS au NGC, kampuni za kuthibitisha sarafu. Moyo wangu uko kwenye ya 1969, maana ikiwa ya kweli hiyo ni pesa ndefu. Mnaonaje?

FundiMuhuri
Mkuu, kabla ya mwaka angalia umbo la huo mrudio. Muhuri ni chuma kinachopiga picha kwenye sarafu, na muhuri mama ndio unaokipa chuma hicho picha. Zamani muhuri mama ulikuwa unagandamizwa kwenye chuma cha muhuri zaidi ya mara moja. Mgandamizo wa pili ukikaa upande hata kidogo, picha mbili zinaingia kwenye muhuri wenyewe, na kila sarafu inayopigwa nao inatoka hivyo hivyo: huo ndio muhuri pacha. Ndiyo maana herufi zake huwa nene kuliko kawaida, mstari wa pili una mgongo wa mviringo, na nchani herufi imegawanyika kama mkia wa mbayuwayu.

Mashine iliyolegea hufanya kinyume. Muhuri unateleza wakati wa kupiga, unasukuma ukingo wa herufi, kinabaki kidaraja bapa, cha chini, kinachong'aa. Herufi yenyewe inakonda kwa sababu imeliwa. Za namna hii zimejaa kila mahali na haziongezi thamani hata kidogo.

Sasa niambie, S ya hiyo 1969 ikoje?

RolaZaSenti
S nayo ina kivuli, upande uleule wa kivuli cha 1969.

FundiMuhuri
Basi iweke kando. Wakati huo herufi ya kiwanda iligongwa kwa mkono kwenye kila muhuri, picha ikiwa imeshaingia. 1969-S ya kweli ina LIBERTY, IN GOD WE TRUST na mwaka vilivyojirudia waziwazi, lakini S ni moja, safi. S ikitikisika pamoja na tarakimu, hiyo ni mashine. Ila kipimo hiki usikipeleke kwa senti mpya: tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 herufi inaingia pamoja na picha.

Bi_Thumuni
Naongeza jambo kuhusu ya 1995, kaka. Senti za baada ya 1982 ni zinki iliyovikwa ngozi nyembamba ya shaba. Ngozi hiyo ikichanika kando ya herufi, zinki inachungulia na kuacha ufito wa kijivu, na macho ya haraka yanasema "pacha!" Inamisha sarafu kwenye mwanga. Ukiona kijivu, ni mchaniko. Ukiona shaba tupu yenye mgongo, una kitu.

Pia kuna muhuri uliochoka: herufi zinavimba, kingo zinakuwa na ukungu. Senti ya 1955 ambayo 5 ya mwisho tu imejirudia ni ya kundi hilo. Isichanganywe na ile 1955 maarufu, ambayo mwaka na maandishi yote ya upande wa kichwa unayasoma mara mbili bila lenzi.

PwaniKwetu
Wadau, mimi Mombasa. Shilingi 20 ya 2018, mkonga wa ndovu una kivuli bapa upande mmoja. Je, kanuni ni hizo hizo?

Bi_Thumuni
Ni hizo hizo, dada. Bapa ni mashine. Itumie dukani tu.

LenziYaSonara
Nashauri muache hadubini za USB kwa kazi hii. Lenzi ya mkono ya mara 10 inatosha na ni bora: ukikuza mara 200 unaona mng'ao, umbo linapotea. Zungusha sarafu chini ya taa. Kidaraja cha mashine kinawaka na kuzimika ghafla, mgongo wa muhuri pacha unabaki pale pale.

Kuhusu 2009, tazama vidole vinavyoshika kitabu. Wakati huo mihuri ilikuwa inagandamizwa mara moja tu, lakini chuma kikianza kwa kuinama kisha kikanyooka katikati ya mgandamizo, mrudio hutokea sehemu ndogo karibu na kitovu cha sarafu. Ndiyo asili ya kidole cha ziada. Ni halisi, ila aina zake ni nyingi na nyingine ndogo mno. Mimi ningetuma 1995.

FundiMuhuri
Mimi siafiki moja kwa moja. 1995 zilipatikana nyingi. Kama si nyekundu inayong'aa, yaani bado na rangi ya shaba mpya, gharama ya kuthibitisha itaimeza faida. Kwanza linganisha na picha za Variety Vista, tovuti ya sarafu za muhuri pacha, hadi mikwaruzo ya muhuri ilingane.

RolaZaSenti
Nimelinganisha. LIBERTY na IN GOD zimegawanyika kama pichani, hakuna kijivu, na wekundu bado umejaa pande zote mbili. Naituma hiyo. Ya 2009 nahifadhi.

LenziYaSonara
Ishike ukingoni tu, na usiioshe kwa chochote, hata maji ya sabuni.