Watoto wa gredi ya nne na tano: Logo, Scratch au Python?

Mwalimu_Kondele: Wadau, nasaidia watoto na kompyuta Jumamosi hapa Kisumu. Mashine ni kuukuu, zina Windows 7, na intaneti ni bando la simu. Nataka wajifunze kufikiri hatua kwa hatua. Kati ya Logo, Scratch na Python, lugha za kuandikia programu za kompyuta, nianze na ipi?

Mama_Lanet: Scratch, mwalimu. Mtoto anaburuta vitalu vya amri kwenye skrini na kuviunganisha, hakuna herufi iliyokosewa ya kumkatisha tamaa. Toleo jipya lina Kiswahili, ila linataka Windows 10. Kwa mashine zako pakua lile la zamani, 1.4. Ukishaliweka, bando hulihitaji tena.

Fundi_Kakamega: Mimi nasema Logo. Seymour Papert na wenzake waliibuni Marekani mwaka 1967 kwa ajili ya watoto, na hata mashine iliyochoka inaibeba. Kobe kwenye skrini anafuata amri:

REPEAT 4 [FORWARD 100 RIGHT 90]

Yaani rudia mara nne: nenda mbele hatua 100, geuka kulia digrii 90. Huo ni mraba. Sasa waambie wachore pembetatu ya pande sawa. Wengi wataandika REPEAT 3 na RIGHT 60, maana 60 ndiyo pembe wanayoijua, na mchoro utabaki wazi kama bakuli. Usiwape jibu! Toka nao uwanjani, mmoja atembee kama kobe, akifika kona ageuke. Ataona mwenyewe kwamba anageuka pembe ya nje, 120. Kisha waifundishe kompyuta neno lao:

TO MRABA
REPEAT 4 [FORWARD 100 RIGHT 90]
END

Wakiandika REPEAT 36 [MRABA RIGHT 10] linatokea ua zima. Utasikia kelele darasani.

Nyalenda_Dev: Python nayo ina kobe wake, moduli ya turtle, yaani kifurushi cha amri za kuchora. Lakini nafasi mwanzoni mwa mstari na mabano vitawachosha wa gredi ya nne. Wasubiri junia sekondari.

Mama_Lanet: Fundi, hilo la uwanjani nimelipenda sana. Ila Scratch pia ina kalamu, pembetatu hiyo inachoreka vilevile. Na watoto wanataka hadithi zenye sauti, wahusika wawili wakijibizana. Kwa Logo hilo ni kazi.

Mwalimu_Kondele: Asanteni. Naanza na Logo, kwa sababu ya mashine na huo uwanja. Scratch 1.4 itafuata wakishazoea kurudia amri. Kompyuta hazitoshi, wakae vipi?

Fundi_Kakamega: Wawili wawili. Mmoja anaandika, mwenzake anasoma amri kwa sauti na kusema kobe ataelekea wapi kabla hawajabonyeza Enter. Halafu wabadilishane.