RTX 3070 na skrini mpya ya 4K: nibadilishe kadi au nivumilie?

Wakuu, habari zenu. Nimehama kutoka skrini ya 1440p kwenda ya 4K. Mashine ina kadi ya picha RTX 3070 ya GB 8, prosesa ya Ryzen 5 5600 na pawa saplai ya wati 650. Nacheza zaidi gemu kubwa za hadithi, kama Cyberpunk 2077. Fremu kwa sekunde zimeporomoka, na nikipandisha tekscha (picha zinazofunika vitu kwenye gemu) picha inakwamakwama. Naitamani RTX 5070 Ti. Ninunue?

Mdau wa kwanza:
Hongera kwa skrini mkuu. 4K ni pikseli 8,294,400, wakati 1440p ni 3,686,400. Kadi imebebeshwa mzigo zaidi ya mara mbili, haijaharibika. Kabla hujatoa hela, washa DLSS (teknolojia ya Nvidia ya kukuza picha) uweke Quality. Hapo kadi inachora kwa 1440p, kisha picha inakuzwa kufikia 4K. Toleo la DLSS 4 la mwaka 2025 linakubali hata kwenye 3070 yako, na picha imetulia kweli.

Mdau wa pili:
Sawa, lakini huko kukwama ni VRAM (kumbukumbu ya kadi) imejaa, na DLSS haitageuza GB 8 kuwa 12. Shusha tekscha hatua moja uone. Ukija kununua, usikubali chini ya GB 16 kwa 4K. 5070 Ti inazo, RX 9070 XT ya AMD pia inazo. Ile 5070 ya kawaida ina 12, mimi nisingeigusa.

Mleta uzi:
Asanteni. Na prosesa je, haitaibana kadi mpya?

Mdau wa tatu:
Cheza kwa 1080p bila kugusa setingi nyingine. Fremu utakazopata hapo ndizo prosesa yako inazoweza, au karibu nazo. Zikikutosha, iache prosesa. Kinachonitia wasiwasi ni umeme: 3070 inakula wati 220, 5070 Ti inafika 300, na Nvidia wanashauri pawa saplai ya 750. Pima na kesi ya kompyuta, kadi nyingi za aina hiyo zinapita urefu wa sentimita 30.

Mleta uzi:
Nimejaribu. Kwa 1080p fremu zimepanda sana, prosesa bado ina nguvu. Tekscha za kati pamoja na DLSS Quality, kukwama kumeisha na gemu inachezeka vizuri. Nabaki na 3070 kwanza, mpaka hela ya kadi na ya pawa saplai ziwe mkononi kwa pamoja.