Paketi za baudi 300 hazisomeki kwenye kichujio cha 500 Hz

WimbiFupi
Habari wakuu. Paketi (data inayotumwa kwa redio) za HF, yaani masafa mafupi, za baudi 300 (biti 300 kwa sekunde) zinasomeka vizuri kichujio cha redio kikiwa 2.4 kHz. Nikiweka cha kristali cha 500 Hz kelele inapungua, ishara inabaki na nguvu ileile, lakini fremu (mafungu ya data) karibu zote zinakataliwa. Toni mbili zinazobeba biti ni 1600 na 1800 Hz. CW (msimbo wa Morse) nayo kwenye kichujio cha 250 Hz inavuma kama kengele. Shida iko wapi?

KristaliNane
Mkuu, huo ni ucheleweshaji wa kundi. Kila kichujio huchelewesha ishara, na kuchelewa kwenyewe si kosa. Kosa ni toni moja kuchelewa kuliko mwenzake. Vichujio vyenye kingo kali, hasa vya usanifu wa Chebyshev, huchelewesha zaidi pembezoni kuliko katikati. Biti ya baudi 300 ina milisekunde 3.3 tu. Toni ya 1800 ikiangukia ukingoni na kufika milisekunde 2 nyuma ya ile ya 1600, biti zinalaliana na fremu inakataliwa. Mita ya nguvu haioni hilo kabisa.

Sogeza ukanda ili 1700 Hz ikae katikati. Fremu zikiendelea kukataliwa, panua hadi 1 kHz, maana paketi yenyewe inajaza karibu 500 Hz zote. RTTY (maandishi ya teleprinta kwa redio) ya baudi 45.45 ina biti ya milisekunde 22, ndiyo maana inavumilia kichujio hichohicho.

PimaKwanza
Ukiwa na NanoVNA (kifaa kidogo cha kupima vichujio na antena), pima awamu ya ishara katikati na pembezoni. Gawanya badiliko la awamu kwa (360 × Hz ulizopita): nyuzi 36 ndani ya Hz 20 ni milisekunde 5. Angalia tofauti kati ya sehemu hizo. Kipe kichujio impidansi (ukinzani kwa mkondo geu) yake kwanza! Kinachotaka ohm 500 ukikifunga kwenye 50, mkunjo unaouona ni wa kipimo chako.

NuktaMstari
Kuhusu kengele: kichujio chembamba huendelea kutikisika baada ya ishara kukatika. Kwa maneno 30 kwa dakika nukta ni milisekunde 40, kwa hiyo mkia huo unajaza nafasi kati ya nukta. Chagua kingo laini kama redio inazo, au panua hadi 400 Hz. Kizima-mapigo cha radi nacho kikae kabla ya kichujio. Baada yake pigo limeshatandazwa na halikatiki tena.