Jino la mtoto limetoboka lakini haliumi. Nimpeleke kwa munganga wa meno au tungoje?

MamaKatuba

Jambo bandugu. Naomba mawazo yenu, maana jambo hili limetugawa hapa nyumbani, Lubumbashi.

Binti yangu ana miaka saba. Nilipokuwa nikimsuka alipiga mwayo, nikaona doa jeusi kwenye gego la chini, lile la nyuma kabisa upande wa kushoto. Nikawasha tochi ya simu nikaangalia vizuri. Si chakula kilichonasa, ni kitundu. Yeye halalamiki hata kidogo. Anakula bukari, anatafuna mua, analala usiku kucha.

Baba yao anasema hilo ni jino la utoto, litang'oka lenyewe, na mtu asiyeumwa hana kazi kwa munganga wakati minervali ya shule ya watoto haijalipwa. Simlaumu, hizo franga anazitafuta kwa jasho. Na mama mkwe yuko hapa, ametoka Likasi kututembelea. Ana ugonjwa wa sukari, na kila asubuhi akipiga mswaki anatema damu. Magego mawili yameanza kucheza. Yeye anasema ni uzee, kwao wote walikuwa hivyo.

Je, ni sawa kumpeleka mtu kwa munganga wa meno wakati hasikii maumivu? Na kama pesa inatosha mmoja tu, nianze na nani?

Papa Mapacha

Mama, mimi niko upande wa mume wako. Sisi tulikulia Kamalondo, hakuna aliyetupeleka kuonyesha meno. Jino likiuma linang'olewa, mambo yanakwisha. Mswaki na chumvi vinatosha. Lipa minervali kwanza.

Muuguzi wa Ruashi

MamaKatuba, nafanya kazi chumba cha meno, kwa hiyo naomba ufanye jambo moja kabla ya mengine yote. Mkalishe mtoto kwenye mwanga, uhesabu meno ya chini upande huo ukianzia katikati ya taya kwenda nyuma. Meno ya utoto ni 20 kwa jumla: matano kila upande, juu na chini. Kama kitundu kiko kwenye jino la nne au la tano, hilo ni la utoto. Kama kiko kwenye la sita, hilo ni la ukubwani, na hakuna jingine litakalokuja kuchukua nafasi yake.

Wazazi wengi wanakosea hapo, na si kosa lao. Gego hilo huota mtoto akiwa na miaka kama sita, nyuma ya meno yote, bila jino lolote kung'oka. Hakuna pengo, hakuna damu, hakuna jino la kutupa juu ya paa. Kwa hiyo hakuna anayelitambua. Ni jino changa, lina mifereji mirefu juu yake, mtoto bado hafiki nyuma kwa mswaki, na ndilo linalooza mapema.

Kuhusu kutoumwa: ganda la nje la jino halina mshipa wa fahamu. Vijidudu vya mdomoni vinakula sukari na kutoa asidi, asidi inalainisha ganda, kitundu kinaanza, na mwenye jino hasikii kitu. Chini ya ganda kuna sehemu laini zaidi, hapo anaanza kusikia baridi na tamu. Katikati kabisa ndiko kwenye damu na mishipa ya fahamu, na uozo ukifika huko ndipo mtu anakosa usingizi. Anayengoja maumivu anafika kwetu wakati kazi ya kuziba tu imeshapita, imebaki kutibu mzizi au kung'oa. Kutibu mzizi kunagharimu mara nyingi zaidi ya kuziba, na watu wengi hawawezi, wanachagua kung'oa. Mtoto wa miaka saba kupoteza gego lake la kutafunia, hilo linaniuma kila nikiliona.

Hata likiwa la utoto usiliache. Linatunza nafasi ya litakalokuja, na usaha chini yake unaweza kuharibu jino jipya linalojengeka ndani ya taya.

Kijana wa Kenya

Papa Mapacha, kwa heshima, mimi wa Kenya ya hapa Lubumbashi (komini, si nchi) nasema «mambo yanakwisha» si kila mara. Mdogo wangu alikuwa na gego bovu la chini. Likauma, akaenda farmasi, akapewa amoksisilini na dawa ya maumivu. Maumivu yakapoa, wote tukafurahi. Baadaye yakarudi kwa nguvu, shavu likavimba, uvimbe ukashuka chini ya kidevu. Hakuweza kufungua mdomo. Ulimi ulikuwa umeinuka, mate yanamtoka, sauti imebadilika. Tulimkimbiza hospitali usiku, wakampasua chini ya taya kutoa usaha. Munganga alituambia kwamba uvimbe ule ungeweza kuziba njia ya hewa. Na yote yalianzia kwenye gego ambalo hakuna aliyeliangalia.

Muuguzi wa Ruashi

Pole sana, kijana. Hilo ndilo tunaloliogopa. Dawa ya vijidudu inatuliza kwa muda, lakini jino likishakufa ndani damu haifiki tena katikati yake, kwa hiyo dawa haifiki pia. Chanzo kinabaki palepale. Yeyote anayesoma hapa: uvimbe wa uso wenye homa, mdomo usiofunguka, kushindwa kumeza au kupumua, usingoje asubuhi. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Yaya Feza

Niseme juu ya mama mkwe, maana naona wote mmekimbilia kwa mtoto. Mimi nina ugonjwa wa sukari pia. Fizi kutoka damu kila siku si uzee, ni ugonjwa wa fizi. Ule ukoga unaobaki kwenye shina la jino ukikaa unaganda, unakuwa ugaga mgumu ambao mswaki hauutoi tena. Ufizi unavimba, unaachana na jino, na mfupa unaoshika jino unaliwa taratibu. Ndiyo sababu magego yake yanacheza.

Na kwa sisi wa sukari shida inakwenda pande mbili. Sukari ikiwa juu mwili unashindwa kupigana na vijidudu vya fizi. Fizi zikiwa na ugonjwa, sukari nayo inakuwa ngumu kushuka. Mimi niliposafishwa ugaga na kufuata maelekezo, munganga wangu wa sukari naye alifurahia vipimo. Usinielewe vibaya, vidonge sikuacha. Mwambie mama ale kama kawaida kabla ya kwenda, ameze dawa zake, na aseme wazi pale mapokezi kwamba ana sukari.

Dada wa Kolwezi

Mimi nina mimba ya miezi mitano, fizi zimevimba na zinatoka damu. Bibi amenikataza kwenda kwa munganga wa meno mpaka nijifungue. Ni kweli?

Muuguzi wa Ruashi

Hapana dada, nenda. Homoni za mimba zinafanya fizi zivimbe haraka hata kwa ukoga kidogo. Kusafishwa meno, kuziba, hata kung'oa kwa sindano ya ganzi kunawezekana, na miezi ya katikati, kama yako, ndiyo inayokaliwa vizuri zaidi kwenye kiti. Waambie tu kwamba una mimba.

Yaya Feza amesema vema. Niongeze kwamba mtu mwenye ugonjwa wa vali za moyo (vile vilango vya damu ndani ya moyo), hasa aliyewahi kuugua homa ya baridi yabisi utotoni, anahitaji mdomo safi kuliko wote, kwa sababu vijidudu vya mdomoni vikiingia kwenye damu vinaweza kukaa kwenye vali. Na mdomo unatuonyesha mengine: utando mweupe usioisha, kidonda kisichopona kwa majuma mawili kwa mvutaji au mnywaji, vidonda vya fizi kwa mtoto aliyedhoofu kwa njaa au aliyetoka kwenye surua. Hicho cha mwisho msikichezee. Kinaweza kuwa mwanzo wa noma, inayokula shavu la mtoto kwa siku chache tu. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mnamo Desemba 2023. Ikishikwa mapema, dawa na chakula bora vinaisimamisha.

Papa Mapacha

Nimesoma yote. Habari ya mdogo wa kijana imenigusa. Lakini niulize kwa nia njema: hii ya kwenda kila miezi sita, si njia ya waganga kutafuta franga? Nina watoto wanne. Kila miezi sita siwezi.

Muuguzi wa Ruashi

Swali zuri, papa, na jibu ni kwamba miezi sita si sheria kwa kila mtu. Uingereza, taasisi inayoandika miongozo ya tiba ilisema tangu 2004 kwamba mtu mzima apangiwe kati ya miezi 3 na miezi 24 kulingana na hatari yake, na watoto wasipitishe miezi 12. Uchunguzi uliofuata kwa watu wazima waliozoea kwenda haukuona tofauti kubwa kati ya wanaorudi kila miezi sita na wanaopangiwa muda mrefu zaidi kwa sababu hatari yao ni ndogo. Kwa hiyo wewe mwenye meno mazima, usiyevuta, usiye na sukari, munganga mkweli anaweza kukuambia urudi baada ya mwaka au miwili. Mama mkwe wa MamaKatuba atahitaji kurudi mapema zaidi. Watoto wako wanne, mara moja kwa mwaka. Muhimu ni kwamba mtu aangalie kabla halijauma.

Kijana wa Kenya

Aende wapi sasa? Kuna wanaong'oa meno hata sokoni.

Muuguzi wa Ruashi

Sokoni hapana kabisa. Chombo ambacho hakijachemshwa kwa mashine kinaweza kukupa homa ya ini au virusi vya ukimwi. Anzeni kuuliza hospitali ya Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu, au kituo cha afya cha karibu wakuelekeze. Uliza bei ya kuangalia tu, na bei ya kuziba, kabla ya kukaa kwenye kiti. Angalia kama vyombo vinatolewa kwenye mfuko uliofungwa na kama glavu ni mpya. Una haki ya kuuliza, na anayekasirika kwa swali hilo, mwache.

MamaKatuba

Aksanti sana nyote. Tumehesabu. Ni la sita. Baba yao hakuniamini, akahesabu mwenyewe na tochi, kisha akahesabu upande wa pili. Alinyamaza, halafu akauliza kituo kinafungua saa ngapi. Tumekubaliana mtoto anatangulia, na mama mkwe ataonwa kabla hajarudi Likasi, shemeji amekubali kusaidia.

Swali la mwisho: wakati tunangoja, nifanye nini nyumbani? Anapenda sana sukre na biskuti, na dawa ya meno tunanunua yoyote iliyopo.

Muuguzi wa Ruashi

Mmefanya vema, mama. Soma ubavu wa tyubu: tafuta floraidi kati ya 1000 na 1500 ppm (ppm ni kipimo cha wingi wa floraidi). Isiyo na floraidi inasafisha, lakini hailindi ganda. Mkaa na unga wa matofali msiguse, vinakwangua meno. Sukre na biskuti apewe pamoja na chakula, si kidogokidogo mchana kutwa, maana kila akionja asidi inaanza upya. Mswaki mara mbili kwa siku, na wa usiku usikose, baada yake asile kitu. Msimamie wewe mwenyewe mpaka afike miaka minane hivi, upitishe mswaki juu ya hilo gego la nyuma kwa mkono wako. Akimaliza ateme povu tu, asisukutue kwa maji, floraidi ibaki ifanye kazi usiku.