Wapendwa, kumlisha Mhabeshi anayepita njia za panya ni dhambi?

Mama Neema, Handeni
Shalom wapendwa. Naomba mnisaidie, jambo hili limetugawa kanisani kabisa. Sisi tunakaa upande wa Mkata sio mbali na ile barabara ya Segera kwenda Chalinze, na wale vijana wa Ethiopia wanaoenda Sauzi wanapita sana huku, wanashushwa porini usiku wanaambiwa subirini gari lingine na gari lenyewe halijulikani linakuja lini. Alfajiri moja naenda shamba nikakuta watatu wamejikunyata chini ya mwembe, mmoja miguu imevimba mpaka viatu haviingii kavining'iniza shingoni kwa kamba, Kiswahili hawana zaidi ya "maji" na "mama". Nikawapa maji, nikawakorogea uji, na kiporo cha ugali na maharage kilichokuwepo. Yule wa miguu kabla hajagusa kikombe akafumba macho akaomba, maneno siyaelewi ila jina la Iyesus nimelisikia vizuri. Wakala wakaondoka.

Sasa mzee mmoja wa kanisa anasema nimeshiriki uhalifu, ilibidi nimpigie mwenyekiti wa kitongoji, ananisomea Warumi 13. Wengine wananiambia mama umemlisha Kristo, Mathayo 25. Wakija wengine nifanyeje? Na wakiomba kulala ndani je?

Mzee wa Usharika
Mama Neema, kwa uji mimi sikulaumu hata kidogo. Ila wapendwa tusichukulie serikali kama adui wa imani. Paulo anasema kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu, na kumhifadhi mhamiaji ndani kwako huku unajua hana kibali ni kosa kwa sheria zetu, kesi ikija wewe ndio unasimama kizimbani na watoto wako wanabaki na nani? Kijiji nacho kina haki ya kujua nani analala mle, maana humo humo kwenye njia za panya wanapita na watu wasio wema. Mtu kutaka maisha mazuri sio dhambi, lakini mpaka wa nchi nao upo kwa sababu.

Dereva wa Tunduma
Naomba niongee maana hii barabara naijua. Jamani mnambana huyu mama wa uji wakati wenye dhambi yao hapa wanafahamika. Mimi nimeshafuatwa zaidi ya mara moja, mtu anakuja pale unapolala gari anakwambia kaka nina mzigo wangu mdogo mpaka Mbeya, anautaja kwa vichwa kabisa, na hela anayotaja ni ya kukutoa machozi kama una mtoto anadaiwa ada, na wanaokuja kutongoza hivyo wengine Jumapili wapo kanisani wanatoa sadaka nono na hakuna anaeuliza. Sheria inasema ukikamatwa unasafirisha ni faini milioni 20 au jela miaka 20 na gari linataifishwa, lakini mimi sheria sio iliyonizuia. Kilichonizuia ni Kongwa. Juni 2012 kule Dodoma lori lilikuwa limesheheni Wahabeshi zaidi ya mia, wakakosa hewa, wakafa zaidi ya 40, na wale wenye gari walichofanya ni kuwatupa porini, wazima na maiti pamoja, wakaondoka zao. Halafu Machi 2020 Tete, Msumbiji, kontena likafunguliwa wamo 78, 64 wameshakufa. Kontena likifungwa kwa nje wa ndani atagonga mpaka mikono ichubuke na dereva mziki umewaka hasikii au anasikia hasimami. Kwangu mimi huo ni uuaji, na mchungaji anaejua muumini wake anaishi kwa hela hiyo akakaa kimya naye damu inamhusu.

Mwinjilisti Same
Dereva Mungu akubariki, umesema kweli tupu.

Mzee wangu, shikamoo. Hiyo Warumi 13 tuisome tukianzia juu kidogo, sura ya 12 mstari wa 20, adui yako akiwa na njaa mlishe, akiwa na kiu mnyweshe. Kama adui analishwa, huyu alieomba kwa jina la Yesu kabla ya kunywa uji tumnyime? Na wengi wa vijana hawa wanatoka Hadiya na Kembata kusini mwa Ethiopia, kule walokole wamejaa, kuna Wamekane Yesu ambao ni Walutheri kama sisi wa KKKT. Nyumbani mzazi ameuza ng'ombe au kipande cha shamba ili kijana afike Sauzi, na kanisa limemwombea safari. Walawi 19 inasema mgeni akikaa nawe usimtende mabaya, inatoa na sababu, kwamba ninyi mlikuwa wageni Misri. Bwana wetu mwenyewe alibebwa usiku akiwa mtoto kukimbilia hiyo hiyo Misri.

Ila mama, kulaza ndani mimi nasema hapana. Ukishawaficha wewe unakuwa kituo kimoja cha madalali wanaowasafirisha bila kujua, wenyewe wanapenda sana nyumba za watu wa Mungu kwa sababu hazishukiwi.

Mama Neema, Handeni
Asanteni sana, nimepata nguvu. Lakini kupiga simu Uhamiaji roho yangu inakataa, naona kama nawauza. Watafungwa.

Huduma ya Magereza
Mama pole, hilo ni zito kweli. Ni kweli wanafungwa, na wengine walikuwa wanamaliza kifungo wanabaki gerezani kwa kukosa nauli ya kurudi. Januari 2021 Rais Magufuli alipokutana na Rais wa Ethiopia pale Chato aliahidi kuwaachia 1,789 waliokuwa kwenye magereza yetu, hebu ona wingi huo. Tunaoingia magerezani tunawakuta, wanaimba vizuri mno, mkalimani ndio shida. Lakini nao wengine wanakwambia kwa ishara wana wenzao waliwaacha porini hawawezi kutembea. Kwa hiyo mama mimi ningeangalia hali yao. Wanatembea wana nguvu, wape chakula na maji, Mungu anajua. Ukikuta mtu kavimba miguu hivyo, au anaharisha, au ni mtoto mdogo, piga simu, maana gari linalokuja kumchukua usiku linaweza kuwa ndio kaburi lake. Na usipige peke yako, mwite mchungaji na mwenyekiti wa kitongoji mkawepo wote wanapochukuliwa ili wasipigwe, na muwaambie maofisa mbele ya watu kwamba huyu ni mgonjwa, huyu anaonekana hajafika miaka 18. Mulizie pia habari ya IOM, lile shirika la Umoja wa Mataifa la uhamiaji, wamekuwa wakisaidia wanaotaka kurudi kwao kwa hiari. Halafu usharika upange zamu ya kwenda kuwaona gerezani, wapelekeni sabuni na kandambili, vinahitajika sana.