Nyumba nne za mbao kando ya ziwa: nianzie wapi ukarabati kabla ya kupangisha?

Mrithi
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimerithi nyumba nne ndogo za mbao zilizo hatua chache kutoka ukingoni mwa ziwa, ambazo kwa miaka mingi familia yetu ilizitumia wakati wa likizo tu. Nia yangu ni kuwapangishia wageni wanaokuja kupumzika kwa siku chache, bila kuziondolea ukale wake: kuta za mbao zilizopauka, jiko la kuni, baraza inayotazama maji. Fedha nilizo nazo hazitoshi kukarabati zote kwa mara moja. Fundi mmoja amenishauri nitandike vigae sakafuni na kupaka kuta vanishi nzito, mwingine anasema nianze na vyoo vipya. Katika nyumba moja sakafu inabonyea karibu na mlango wa nyuma. Naomba ushauri wenu.

Seremala Mstaafu
Ndugu Mrithi, anzia hapo panapobonyea. Kabla ya kununua kigae hata kimoja, ingia chini ya nyumba na tochi na bisibisi, uchome kila boriti, hasa zilizo chini ya mlango huo na chini ya bafu. Mbao nzima huikataa ncha. Iliyooza huiachia izame, na ukiibandua hukatika vipande vifupi visivyo na nyuzi. Kuvu wanaoozesha mbao hawastawi unyevu wake ukiwa chini ya asilimia 20, kwa hiyo ukibadilisha boriti na kuyaacha maji yaliyoiozesha, utaibadilisha tena. Kagua paa, mifereji ya mvua na mteremko wa ardhi inayozunguka nyumba. Udongo uliorundikana hadi kugusa mbao za ukuta uondoe, na matundu ya hewa ya chini ya sakafu uyazibue, kwani watu huyaziba kwa kuogopa baridi na wadudu, wasijue kwamba wanaufungia unyevu ndani.

Kuhusu vanishi nzito, mimi nisingeipaka. Maji yakipenya kwenye ufa mmoja tu hukwama nyuma ya utando wake. Mafuta ya kitani huingia ndani ya mbao na ni rahisi kuyarudia, ila vitambaa vilivyolowa mafuta hayo usivirundike kamwe, maana hupata joto na kuweza kuwaka vyenyewe; vitandaze nje mpaka vikauke. Rangi ya zamani nayo usiisugue kavu kabla ya kuipima, kwa sababu huenda ina madini ya risasi.

Mwenyeji
Naungana na Seremala, lakini fundi wa vyoo naye asipuuzwe. Mimi nilifungua nyumba mbili kwa kulitegemea shimo la maji taka la zamani, na wiki ya tatu, nyumba zikiwa zimejaa, maji yakarudi bafuni usiku. Familia inayokaa siku chache kwa mwaka haiwezi kulinganishwa na wageni wanaopishana kila wiki, kila mmoja akioga mara mbili. Kando ya ziwa maji ya ardhini huwa karibu, hivyo shimo linaloonekana kufanya kazi kiangazi linaweza kushindwa wakati wa mvua. Kinachovuja huishia ziwani, na fosforasi iliyomo hulisha mwani, nasi tunawauzia watu ziwa hilohilo. Waulize wenye mamlaka ya eneo lako umbali unaotakiwa kutoka ukingoni kabla ya kuchimba popote.

Ningekarabati nyumba moja mpaka iishe, niipangishe msimu mzima, kisha mapato yake yaanze ya pili. Maji ya kunywa yapimwe maabara, kwani weupe wake si ushahidi wa usalama. Kwa kuwa unabakiza jiko la kuni, bomba la moshi lisafishwe na king'ora cha kaboni monoksidi kifungwe karibu na vyumba vya kulala, maana gesi hiyo haina rangi wala harufu. Isome bima yako pia: bima nyingi za makazi hazimhusu mgeni anayelipa.

Mrithi
Nawashukuru sana. Jana niliingia chini ya sakafu, na bisibisi ikazama hadi mpini katika boriti mbili. Mfereji wa paa unamwaga maji yote kwenye kona ileile ya mlango wa nyuma. Vigae nimeviahirisha, nitaurekebisha mfereji kwanza, kisha boriti, kisha shimo la maji taka la nyumba hiyo. Lililobaki ni gati la mbao, kwa kuwa natarajia wageni wenye watoto.

Seremala Mstaafu
Hatua hiyo ni sahihi. Katika gati, misumari huinuka kadiri mbao zinavyolowa na kukauka, na vichwa vyake huchana nyayo. Ing'oe yote, ufunge kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu na uache nafasi ndogo kati ya mbao na mbao. Pima kina cha maji mwishoni mwa gati, ukiandike kwenye kibao pamoja na katazo la kupiga mbizi, na utundike hapo jaketi za kuokolea, zikiwemo za saizi ya watoto.