Naomba ushauri: kozi ya msaidizi wa tiba ya miezi sita, niingie au nisubiri KMTC?

BintiMuyeye (Malindi)

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Mimi ni msichana wa Muyeye, hapa Malindi. Kidato cha nne nilipata wastani wa C: Kiswahili B, Baiolojia C+, Kiingereza C+, Kemia C-, Hisabati D+. Bibi yangu alipolazwa kwa kisukari mimi ndiye niliyeshinda naye wodini, na tangu hapo sina kazi nyingine ninayoitaka ila ya kuhudumia wagonjwa.

Kuna chuo kimoja cha kibinafsi kinatangaza kozi ya msaidizi wa tiba. Ni ya miezi sita, karo shilingi 68,000, na nusu ilipwe kabla ya kuanza. Kijana aliyepita mtaani kutuandikisha alisema ukimaliza unaajiriwa hospitali yoyote ya kaunti, na anayetaka kwenda Marekani hutafutiwa kazi, kwa kuwa huko wasaidizi wa tiba wanatakikana mno. Hilo la Marekani ndilo lililomvuta mama, maana shangazi yangu yuko Ohio na naye husema kazi za hospitali ziko tele. Zamu ya mama ya kupokea pesa za chama cha kuchangiana imefika mwezi huu na yuko tayari kuitoa yote.

Baba anataka nisubiri nafasi ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba. Nami naogopa kukaa nyumbani mwaka mzima huku wenzangu wakisonga mbele. Mlio kazini, niambieni kweli: kozi hii itanifikisha wapi?

TabibuKisiwani (Lamu)

Wa alaykumu salaam, mdogo wangu. Mimi ni tabibu (clinical officer, si daktari), nafanya kazi kwenye zahanati moja huku kisiwa cha Pate. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu kila mwaka naona vijana wetu wakiliwa pesa kwa jambo hilihili.

Hapa Kenya anayetibu au kuuguza husajiliwa na baraza lake. Tabibu yuko chini ya Baraza la Matabibu, kwa sheria ya mwaka 2017. Muuguzi ana Baraza la Wauguzi. Msaidizi wa tiba hana baraza linalomsajili. Kaunti inapotangaza nafasi za kazi kupitia Bodi ya Utumishi wa Umma, jambo la kwanza wanalouliza ni cheti cha usajili na leseni ya mwaka huo. Usipokuwa navyo, barua yako haifiki hata kwenye orodha ya watakaoitwa. Kwa hivyo aliyekuahidi kazi ya kaunti kwa cheti cha miezi sita amekuahidi kitu ambacho si chake kukitoa.

Nikueleze pia kwa nini sisi tunasoma miaka mitatu, kisha mwaka mwingine wa mafunzo kazini. Chukua kipimo cha presha, kazi ambayo kila mtu huiona ndogo. Mama mjamzito amefika kwa miguu juani. Ukimfunga mkanda papo hapo, juu ya mkono wa baibui, huku anakuhadithia ya nyumbani, namba utakayopata si ya kutegemewa. Anatakiwa akae kama dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo ziko chini, mkono uko wazi na umelala usawa wa moyo, na asiseme. Sasa umepima sawasawa na umeona 160 kwa 110, naye anasema kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu. Hapo si pa kumpa panadol na kumwambia akapumzike. Huyo anaweza kuanguka kifafa cha mimba wakati wowote. Napima protini kwenye mkojo, namdunga magnesiamu salfeti na dawa ya kushusha presha, napiga simu hospitali ya King Fahd, Lamu mjini, na hapo hapo mtu anakimbia kumwita nahodha. Maji yakiwa yamekupwa mashua haikaribii gati, basi nakaa naye, namwangalia pumzi na mkojo, mpaka maji yajae.

Huwezi kuyabeba hayo kwa mafunzo ya miezi sita, na si haki kukuweka pale peke yako. Kliniki ndogo nyingi za kibinafsi ndivyo zinavyofanya: humvalisha binti koti jeupe, humwachia chumba cha sindano, na likitokea la kutokea, yeye ndiye anayebaki na polisi kwa sababu hana leseni. Mwenye kliniki haonekani.

Baba yako ana hoja. Msikilize.

Mswalihina_254

Kabla ya shilingi moja kutoka, nenda uwaombe cheti cha usajili cha TVETA, mamlaka ya serikali inayosimamia vyuo vya ufundi, na uulize mtihani wa mwisho unatungwa na nani. Wakisema wanatunga wenyewe, rudi nyumbani.

MlamuColumbus

Ukhti, mimi mzaliwa wa Langoni, Lamu, na naishi Columbus, mji wa Ohio hiyohiyo ya shangazi yako. Kazi yangu ndiyo hiyo, msaidizi wa tiba kwenye kliniki ya daktari wa familia. Ni kazi ya heshima na naipenda, basi sitaki uichukie kwa sababu ya mtu aliyekudanganya.

Asubuhi naita mgonjwa, namweka kwenye mizani, napima presha, joto na oksijeni, namuuliza dawa zote anazotumia, moja moja, pamoja na za mitishamba, na yote naingiza kwenye kompyuta kabla daktari hajaingia. Natoa damu, nachoma chanjo daktari akishaagiza, nabandika waya za kipimo cha umeme wa moyo. Saa zilizobaki ni simu: kuzungumza na duka la dawa, na kubishana na kampuni za bima ziidhinishe kipimo. Mgonjwa akiniuliza, "Huu uvimbe ni nini?", siruhusiwi kumjibu kwa akili yangu. Ni lazima nimwite daktari.

Majimbo mengi hayadai leseni kwa kazi hii, ingawa baadhi, kama Washington, yana usajili wake. Waajiri hupendelea mwenye cheti. Kinachojulikana zaidi ni CMA, na ili ukalie mtihani wake wa maswali 200 kwa njia ya kawaida lazima uwe umesoma programu iliyoidhinishwa na CAAHEP au ABHES, mashirika ya huku yanayokagua kozi za afya. Programu yenyewe huchukua mwaka hivi, na ndani yake kuna mazoezi ya kliniki. Cheti cha chuo cha mtaani Malindi hakikufikishi kwenye mtihani huo. Kama wamekuambia kinakufikisha, wamesema uongo.

La pili ni visa. Marekani ina orodha fupi ya kazi ambazo serikali imekwisha kubali kwamba watu hawatoshi, kwa hivyo mwajiri anayetaka kumleta mgeni kwa kazi hizo huondolewa hatua ndefu ya kuthibitisha kwamba amewakosa Wamarekani. Wauguzi wamo. Wasaidizi wa tiba hawamo. Wengi tunaoifanya kazi hii tulikuwa tumeshaingia kwa njia nyingine, kama ndoa, familia au bahati nasibu ya grini kadi, ndipo tukasomea.

Muulize shangazi yako kazi yake hasa ni ipi. Watu wetu wengi huku ni CNA, yaani wasaidizi wa wauguzi, na sheria ya nchi inataka wasipungukiwe na saa 75 za mafunzo. Hizo ni kazi mbili mbalimbali, ingawa wote wawili wanavaa nguo za hospitali.

MleziBarani (Malindi)

Naomba kusema upande wa pili, kwa heshima ya tabibu. Mimi nilisomea cheti cha kuhudumia wagonjwa nyumbani, kwa muda mfupi, kwenye chuo kilichosajiliwa. Leo nalea bibi mmoja wa Kitaliano mwenye kiharusi, huku kwetu Malindi, na kabla yake nilimlea mzee mwingine mpaka Mungu akamchukua. Namgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo, namwogesha, namlisha polepole ameketi wima ili chakula kisimwingie njia ya hewa, na namkumbusha dawa zake. Sindano sichomi. Muuguzi huja.

Kazi hii inawasomesha ndugu zangu wawili. Malindi imejaa wazee wanaohitaji mtu, wageni na wenyeji, na familia nyingi hazijui hata kumnyanyua mgonjwa kitandani bila kumuumiza. Basi kozi fupi si takataka. Ila iuzwe kwa jina lake. Na bei yake, dadangu, haikuwa karibu na hiyo 68,000.

Kuhusu ng'ambo: darasani kwetu wengi walikuwa wakiota Uingereza. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga mlango kwa walezi wapya wanaoajiriwa kutoka nje. Anayekuambia leo ana nafasi hizo, mkimbie.

TabibuKisiwani (Lamu)

Dada Mlezi, nakubaliana nawe moja kwa moja. Mgonjwa aliyelelewa vizuri nyumbani simwoni tena zahanati na kidonda kilichooza. Nisichokitaka ni huyu binti kuuziwa ulezi kwa jina la utabibu.

BintiMuyeye (Malindi)

Nawashukuru wote kwa dhati. Nimezungumza na shangazi usiku, naye ni CNA kweli, kwenye nyumba ya wazee. Anasema yeye alimaanisha nikasomee uuguzi, mama ndiye aliyesikia vingine.

Leo asubuhi nimekwenda chuoni na baba. Tumeomba kuona cheti cha usajili, tukaambiwa kiko makao makuu na kwamba tulipe kwanza ili tusikose nafasi. Baba amenishika mkono tukatoka. Mama bado ana wasiwasi. Anauliza, na mimi nauliza: kwa hiyo Kemia C- na hiyo Hisabati, KMTC watanichukua kweli?

NesiMagarini

Mwanangu, mimi ni muuguzi wa siku nyingi huku Magarini. Hebu tuyaangalie matokeo yako vizuri.

Utabibu utakubana. Wao huangalia Kemia kwa ukali, hutaka C kamili, nawe una C-. Usipoteze chaguo lako la kwanza huko. Diploma ya uuguzi ni tofauti: wastani wa C unao, lugha unayo, Baiolojia umepita, na katika Kemia, Fizikia na Hisabati wanataka mojawapo isiwe chini ya C-. Hiyo Kemia yako ndiyo itakayokuvusha, na Hisabati haitakuzuia. Siku ya kutuma maombi soma tena masharti kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo, maana siku hizi nafasi za KMTC hupitia huko, na masharti hubadilishwa. Yako matawi Kilifi, Mombasa, Msambweni na hata Lamu, lakini si kila tawi lina kila kozi. Kilifi ungekuwa karibu na nyumbani. Ukishapata nafasi, omba mapema mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi. Wanafunzi wa KMTC wanaruhusiwa.

Usije ukafikiri kwamba ukimaliza kazi inakungoja mlangoni. Wauguzi na matabibu wenye leseni wako nyumbani kwa wingi, na walioajiriwa wengine wako kwa kandarasi. Mwaka 2024 matabibu waligoma kwa muda wa miezi mitatu na zaidi, na mambo ya kandarasi hizo yalikuwa ndani ya madai yao. Huku vijijini tulibaki wauguzi na foleni, na wapo mama waliorudi nyumbani na watoto wenye homa bila kuonwa. Linanikera mno jambo hili: zahanati hazina watu, na watu waliosomeshwa wamekaa. Lakini mwenye leseni anaweza kuomba kazi kaunti yoyote, hospitali za misheni, mashirika, na huko ng'ambo pia; muuguzi anayetaka Marekani hukalia NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi ya huko.

BintiMuyeye (Malindi)

Mama amesoma maneno yako mama nesi, nimemsomea yote. Amekubali pesa za chama zikae mpaka KUCCPS wafungue. Swali langu la mwisho: hii miezi ya kungoja niifanyie nini? Sitaki kukaa bure.

MleziBarani (Malindi)

Njoo nami Jumamosi kama wazazi wataridhia. Bibi ninayemlea hana neno, na binti yake atafurahi. Nitakuonyesha kugeuza mgonjwa na kutandika kitanda akiwa juu yake. Ukiona moyo unakataa, ni heri ujue sasa.

MlamuColumbus

Jifunze kuandika kwa kompyuta bila kuangalia vidole. Nasema kweli, siku hizi muuguzi anaandika zaidi ya anavyochoma sindano.

NesiMagarini

Nenda na dada huyo. Tafuta pia mafunzo ya huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu, si ghali na cheti chao kinajulikana.

Kisha anza chanjo ya homa ya ini aina ya B sasa hivi. Ni sindano tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu ikitimia miezi sita. Wanafunzi huingia wodini mapema, na nimeona wengi wakidungwa na sindano iliyotumika kabla hawajakamilisha dozi. Weka kadi yake pamoja na cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na hati ya matokeo, kila kimoja na nakala mbili. Jina lako liwe moja kwenye karatasi zote. Kama cheti cha kuzaliwa kina "Mwanaisha" na cha shule kina "Mwana Aisha", nenda ukarekebishe wiki hii, kwa sababu marekebisho hayo huchukua muda mrefu.